Mjadala: Sheria ya ada za kaunti ikiwa na ubovu, mahakama ikate kifungu au ifute yote?

Dukani kwangu, ukutani juu ya mizani ya nafaka, nimebandika leseni zote za biashara tangu nilipoanza. Kiasi kilichoandikwa kwenye kila leseni kimetoka katika jedwali la sheria ya fedha, ile ambayo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka. Naomba tujadili hili: mahakama ikikuta sheria hiyo inakiuka Katiba, ing'oe kipande kibovu na kuacha kilichobaki, au ifute sheria nzima?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ubovu ukiwa ndani ya kifungu, kikatwe. Ubovu ukiwa katika namna sheria ilivyotungwa, hakuna cha kukata, yote iende.

Someni ibara ya 2(4) ya Katiba ya Kenya. Inasema sheria isiyopatana na Katiba ni batili kwa kiasi cha kutopatana huko, na wanaopenda kukatakata huishia hapo. Ibara lakini inaendelea: kitendo chochote, au kuacha kutenda, kunakokiuka Katiba nako ni batili. Kupitisha sheria ni kitendo. Kikiwa batili, kila kilichozaliwa nacho kinakwenda nacho.

Ndivyo ilivyokuwa katika Kaunti ya Kiambu. Aprili 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, yote, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kurusha ujumbe kama wa Twitter na kumwachia anayejali autafute. Bunge la kaunti litumie makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilimuunga mkono.

Mimi nilihudhuria kikao cha maoni mara moja, katika kaunti nisiyoitaja. Kilikuwa Jumanne saa tatu asubuhi, saa ambayo mfanyabiashara yuko dukani. Tulikuwa watu kama thelathini na nakala moja ya mswada, kwa Kiingereza, pini imeachia. Mzee wa mkokoteni akauliza yeye atalipa ngapi. Karani akapekua, akapekua tena, ukurasa wa mikokoteni haukuwepo. Akamwambia atajua sheria ikishapita.

Niambieni, hapo jaji angekata wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Dada wa nafaka, nimefanya kazi kwenye kamati ya bajeti ya bunge la kaunti moja, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ukifuta sheria ya fedha katikati ya mwaka, bajeti imeshapangwa juu ya ada hizo. Lori la taka linahitaji mafuta kesho asubuhi.

Halafu kuna mgawanyo wa mamlaka. Ibara ya 185 imeweka mamlaka ya kutunga sheria za kaunti mikononi mwa bunge la kaunti. Jaji akifuta kazi nzima ya wawakilishi wadi, yaani wabunge wa kaunti, kwa kosa la utaratibu, nani anaongoza? Tazameni Sheria ya Fedha ya taifa ya 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliondoa tozo ya nyumba, yale makato ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu, na vifungu vingine vichache, ikaacha vilivyobaki. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikafuta yote. Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo wa kufuta yote. Sheria moja, majibu matatu ndani ya mwaka mmoja. Kukata kifungu ndiyo heshima ya jaji kwa bunge.

Mchangiaji wa pili:
Mzee wangu, hapo kwenye heshima sikubaliani nawe. Wakati mwingine kukata ndiko kunakomgeuza jaji kuwa mtunga sheria. Chukua kifungu kinachosema kila muuzaji wa sokoni alipe ada, isipokuwa mama mboga asiye na kibanda. Mtu ashtaki kwamba msamaha huo ni ubaguzi, ashinde, mahakama iukate. Kilichobaki kinamtoza mama mboga, jambo ambalo hakuna mwakilishi wadi aliyelipigia kura. Jaji anapaswa kujiuliza kwanza: bila kipande hiki, bunge lingeipitisha sheria hii?

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ni wa Nakuru na nataka kuongeza la miji. Nairobi ilipata hati ya jiji, ile inayoutangaza mji kuwa jiji, kutoka kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1950. Sisi tulipata yetu Desemba 1, 2021, Eldoret wakafuata Agosti 15, 2024. Hati tunayo, ila baraza la madiwani wa kuchaguliwa hatuna. Jiji lina bodi, na sheria ya miji inasema wajumbe wake wanateuliwa na kamati tendaji ya kaunti, kwa idhini ya bunge la kaunti. Mimi mkazi simpigii kura mtu yeyote wa jiji kama jiji. Nikinyimwa kikao cha maoni nabaki na nini?

Mleta mada:
Asante wa Nakuru, umelisema vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana kikao cha maoni sikihesabu kuwa utaratibu mdogo.

Mzee wa bajeti, la lori la taka nalikubali, lina uzito. Lakini kufuta yote si lazima kuwe leo jioni. Mahakama Kuu iliposema tozo ya nyumba ni batili, yenyewe iliahirisha makali ya amri yake hadi Januari 10, 2024. Sheria ya kaunti nayo iwekwe hivyo hivyo: ni batili, ila mna miezi kadhaa mrudi kwa wananchi na mswada wenye kurasa zote. Lori litatembea, na bunge litabaki na kalamu yake. Nisichokikubali ni jaji kuichagulia kaunti vifungu vya kubaki, katika jedwali ambalo mzee wa mkokoteni hakuonyeshwa.

Nawauliza wa Eldoret: tangu mpate hati, kikao cha ada za jiji mliitiwa wapi, saa ngapi, na mswada mliuona kwa lugha gani?