Python 3.12 kwenye Debian 12: /usr, /usr/local au /opt?

kodi_kavu
Wakuu, nina seva ya Debian 12, imekuja na Python 3.11. Kuna mradi unataka 3.12, kwa hiyo naikompaili mwenyewe. Mwongozo mmoja unasema niweke --prefix=/usr (yaani isakinishwe humo) "ili mfumo wote uione". Niufuate, au iingie /usr/local? Na /opt ni ya nini?

mtunza_seva
Usiguse /usr, mkuu. Ukiacha /usr/local, vilivyomo /usr ni vya dpkg, programu ya Debian inayosimamia vifurushi. Ukipiga make install pale, /usr/bin/python3 itahama kutoka 3.11 kwenda 3.12. Moduli ya apt_pkg imekompailiwa kwa 3.11 (jina la faili lake lina cpython-311), hivyo unattended-upgrades, programu inayosakinisha masasisho yenyewe, itaanguka na masasisho ya usalama yatasimama.

/usr/local inafaa, ila kwa make altinstall, ambayo inaweka python3.12 bila kugusa jina python3. Make install itaweka /usr/local/bin/python3, na kwenye PATH ya Debian (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) folda hiyo inatangulia /usr/bin. Skripti zinazoanza na #!/usr/bin/env python3 zitahamia 3.12 bila kukuuliza; zenye #!/usr/bin/python3 hazitaguswa.

pangu_pakavu
Mimi napendekeza /opt, kwa sababu Python haina make uninstall. Ukiimwaga /usr/local, siku ya kuitoa utaokota faili moja moja kwenye bin, lib, include na share. Ikiwa /opt unafuta folda moja, basi.

```
sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev
./configure --prefix=/opt/python3.12
make -j"$(nproc)"
sudo make altinstall
/opt/python3.12/bin/python3.12 -m venv ~/mradi/venv
```

Ukisahau libssl-dev, make itamaliza vizuri tu, halafu pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, igome kupakua chochote kwa https, nawe uanze kuulaumu mtandao. Na --enable-shared (inayotenga libpython kama maktaba ya pamoja) achana nayo kama huihitaji: ldconfig, inayouorodheshea mfumo maktaba hizo, haiangalii /opt/python3.12/lib, utaambiwa libpython3.12.so.1.0 haipo.

kodi_kavu
Asanteni. Seva ya pili kuna mtu alishapiga make install na /usr. Inarudi?

mtunza_seva
Inarudi.

```
sudo ln -sf python3.11 /usr/bin/python3
sudo apt install --reinstall python3-minimal
dpkg -S /usr/bin/python3.12
```

Ya mwisho ikijibu "no path found", faili hilo si la Debian: lifute, pamoja na /usr/lib/python3.12. Kama ulikuwa na python3-pip, irudishie nayo kwa --reinstall, maana pip3 ilifunikwa pia.

daemon_mwekundu
Mwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa aina ya Unix, asinakili haya. Kule /usr/local ndiyo nyumba ya pkg, kisimamizi chake cha vifurushi, hadi mipangilio iko /usr/local/etc. Ukikompaili kwa mkono ukaweka humo, vitagongana na vifurushi. Kabla ya kufuta chochote, piga `pkg which` na jina la faili.