Wakuu wa HR, mnafanyaje mpaka wafanyakazi wawaamini?

Mzee_wa_Faili:
Wakuu salama? Mimi niko HR (idara ya rasilimali watu), nimehamia kampuni nyingine juzi juzi na nimekuta hali ya ajabu, yaani nikiingia tu kantini stori zinakatika, kila mtu anainamia simu. Sanduku la maoni lipo, nimelifungua nikakuta maganda ya pipi. Kwenye rekodi hakuna lalamiko hata moja na meneja mkuu anaona ndo dalili mambo ni shwari, mi naona watu wameamua kunyamaza tu. Sitaki mbwembwe za keki na fulana. Nianzie wapi?

binti_wa_stoo:
Mkuu usiwalaumu. Kwetu lilipita dodoso wakasema halina majina, jazeni kwa uhuru. Ukilifungua linauliza kitengo, jinsia, miaka uliyokaa kazini. Kitengo chetu tuko wanne, mwanamke mi peke yangu, sasa siri iko wapi hapo? Nikajaza "nimeridhika" mwanzo mwisho 😂 Mwenzangu alifunguka kuhusu shifti za usiku, haikupita muda supavaiza anamuuliza mbele za watu "kumbe wewe hupendi kazi eeh". Baada ya hapo nani atajaza ukweli?

Kobe_Mpole:
Nimefanya HR muda mrefu. Kinachoharibu sana ni kuahidi siri usiyoweza kuitunza. Mtu anakuja, "naomba hii ibaki hapa hapa", wewe unaitikia, kisha anakwambia bosi wake anamshikashika. Hapo huwezi kukaa kimya, na ukilifikisha yeye anaona umemsaliti. Kwa hiyo kabla hajaanza mwambie yapi utayatunza, yapi lazima yaende mbele na nani atayaona, halafu mpe tarehe ya kumrudishia jibu hata kama jibu lenyewe ni "bado".
Kulipiziwa nako usikuchukulie poa. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 190 wa mwaka 2019, ule wa ukatili na unyanyasaji kazini, unataka mlalamikaji na mashahidi walindwe, sawa, ila kwenye makaratasi kila kitu ni rahisi. Kivitendo, mtu akishalalamika fuatilia ratiba yake, ovataimu na tathmini yake kwa miezi kadhaa. Ukiona ghafla alama zimeshuka au kapangiwa usiku mfululizo, muulize meneja wake, tena kwa maandishi.

fundi_mitambo:
Rekebisheni mishahara kwanza. Nikichelewa dakika kumi nakatwa mwezi huo huo, ovataimu yangu ikisahaulika naambiwa subiri mwezi ujao, ukifika naambiwa ujao tena. Imani ya nini hapo. Na tusidanganyane, HR analipwa na kampuni, yeye sio chama cha wafanyakazi, akilisema hilo wazi mi namuamini kuliko anayejifanya mshkaji.

Mzee_wa_Faili:
Nimewapata. Dada wa stoo, nimelicheki dodoso letu liko vile vile, nafuta jinsia na miaka, na vitengo vyenye watu wachache naviunganisha kwenye ripoti. Ila Kobe, nikimwambia mtu mapema hivyo si atanyanyuka aondoke zake?

Kobe_Mpole:
Wapo watakaoondoka, waache. Ila mpe na jina la mwakilishi wa chama chao, maana kuna mambo mtu hatakaa akwambie wewe hata ungekuwa malaika.