Mnazi unakatwa ngazi haufi, mwembe ukibanduliwa gome unakufa: kwa nini?

Shambani_Pwani:
Wakuu, habari za jioni. Mnazi unachongwa ngazi za kukwelea tangu chini hadi karibu na makuti, vipande vya shina vinatoka kabisa, na bado unazaa. Mwembe mbuzi wakiutafuna gome, mkanda wa kiganja kimoja tu kuzunguka shina, unakauka. Tena si siku hiyo: majani yanabaki mabichi kwa miezi, ndipo mti unakwenda wote. Tofauti iko wapi? Na mwembe wa namna hiyo unaokoleka?

Pingili:
Tofauti iko kwenye mpangilio wa mirija ndani ya shina. Zailemu inapandisha maji na madini kutoka mizizini. Floemu inasafirisha sukari kutoka kwenye majani kwenda mizizini na popote inapohitajika.

Mwembe ni dikotiledoni (mmea ambao mbegu yake huanza na majani mawili, kama haragwe). Ukikata shina lake na kulitazama kutoka nje kwenda ndani unapata gome kavu, floemu, kambiamu, zailemu (ndiyo mbao yenyewe), na kiini katikati. Kambiamu ni utando wa seli chache tu, ule unaoteleza kidoleni gome likibanduka. Unazaa zailemu upande wa ndani na floemu upande wa nje, na ndio unaounenepesha mti.

Sasa floemu yote imo kwenye gome. Likitoka mzunguko mzima, sukari inakwama juu ya jeraha. Ndiyo maana ukingo wa juu huvimba na wa chini hubaki vilevile. Maji bado yanapanda kupitia mbao, kwa hiyo majani hayanyauki. Mizizi inaishi kwa akiba yake ya wanga, na akiba ikiisha inakufa. Hapo ndipo maji yanakatika. Hiyo miezi unayoiona ni muda wa kula akiba.

Mnazi ni monokotiledoni (mmea ambao mbegu yake huanza na jani moja). Zailemu na floemu zimefungwa pamoja katika vifungu vidogo, na vifungu hivyo vimetawanyika shina zima, vingi zaidi kuelekea nje. (Fundi anayepasua mbao za mnazi anakijua hiki: za pembeni ni ngumu, za katikati laini kama sifongo.) Ngazi ikikata vifungu vya upande mmoja, vya ndani vinaendelea na kazi, na kwa kuwa vimeunganika kwa matawi madogo, maji na sukari vinazunguka jeraha.

Mbebeshaji:
Pingili kasema vizuri, ila mtu asije akadhani ngazi hazina madhara. Mnazi hauna kambiamu, kwa hiyo kidonda hakizibi hata baada ya miaka 20. Ngazi ikichongwa kwa ndani zaidi, maji ya mvua yanatuama, shina linaoza, na wadudu wa minazi wanataga kwenye jeraha bichi. Kama lazima kuchonga, mteremko wa ngazi uelekee nje, na usichonge pande mbili kwa kimo kimoja.

Kukosa kambiamu ndiko pia kunakofanya usiweze kubebesha mnazi kama unavyobebesha mwembe. Kubebesha ni kukutanisha kambiamu ya kikonyo (kijiti kinachopandikizwa) na ya shina. Mnazi hauna cha kukutanisha.

Mwembe uliobanduliwa: kama umebaki ukanda wa gome hata upande mmoja, safisha kingo kwa kisu kikali, funika usikauke, uache. Kama ni mzunguko mzima, weka daraja. Chukua vikonyo vya unene wa penseli, virefu kuliko jeraha kwa sentimita 10 hivi. Chonga ncha zote mbili mshazari, ingiza ya chini chini ya gome la chini, ya juu chini ya gome la juu, kila baada ya sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina. Viwe na upinde kidogo ili upepo usivichomoe. Gongomea kwa misumari midogo, ziba kwa nta. Kosa kubwa ni kukigeuza kikonyo juu chini: kinaweza kushika, halafu kikadumaa. Fanya wakati gome linabanduka kirahisi. Likigoma, kambiamu imelala.

Mwl_Sayansi:
Nawezaje kuwaonyesha wanafunzi bila darubini?

Pingili:
Mmea mchanga wa mahindi (monokotiledoni kama mnazi) na alizeti changa (dikotiledoni kama mwembe), vyote na majani yake. Kata mashina yakiwa ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mirija, kisha yasimamishe kwenye glasi ya maji yenye kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula. Weka penye mwanga na upepo kwa saa 2 hadi 4. Kata vipande vyembamba kwa wembe mpya, katikati ya pingili, yaani kati ya kifundo na kifundo. Kwenye kifundo mirija inaelekea majani na picha inachafuka. Mhindi utaonyesha nukta nyekundu zilizotapakaa, alizeti nukta zilizojipanga duara. Waambie mapema: kilichopata rangi ni zailemu tu. Floemu ipo, upande wa nje wa kila nukta, ila haionekani.

Mbebeshaji:
Mwalimu, usitumie mchicha badala ya alizeti, ingawa ndio unaopatikana kirahisi. Ni dikotiledoni, lakini una vifungu vingine ndani ya kiini, na wanafunzi watabisha kwamba umefanana na mhindi.

Pingili:
Na mgomba pia hapana. Kile tunachokiita shina ni mapande ya majani yaliyokumbatiana. Shina la kweli liko ardhini.