Bendi imeniharibia Malaika ukumbini, na bado inadai hela yake

Wakuu, tangu Jumamosi nina hasira hata chakula hakipandi.

Nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu. Bendi niliitafuta mimi, jina silitaji, tukawapa nusu ya malipo mapema. Ombi langu lilikuwa moja tu: mama akisimama kwenda kutoa zawadi, wapige Malaika. Marehemu baba alikuwa akimwimbia wimbo huo kwa gitaa lililobaki nyuzi nne.

Muda ukafika. Gitaa halikuguswa. Kijana kabonyeza kinanda, ngoma ya programu ikaanza kudunda kama tangazo la sabuni, mwimbaji akaingia meno yote nje, "mikono juu!" Kidege kikageuka "bebi". Hilo nikalimeza. Halafu akaimba "nimekuoa malaika".

Nimekuoa!

Jamani, ule ni wimbo wa kijana asiye na mali. Binti anampenda, mahari hana, kilichobaki mdomoni ni "ningekuoa". Hiyo "nge" ndiyo wimbo wenyewe. Ukiing'oa umebaki na tangazo la ndoa. Najua atajitetea kuwa alitaka kuendana na shughuli. Si angeniambia tu nichague mwingine? Nyimbo za harusi zimejaa tele.

Na msinijie na hoja kwamba mimi mzee wa zilipendwa sitaki mabadiliko. Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya 60 mwanzoni (kama aliutunga yeye au Adam Salim, tuyaache, uzi utahama). Miriam Makeba akaja kuuchukua, mtu wa Afrika Kusini, Kiswahili si lugha yake, akauweka na Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, kwenye albamu yao ya 1965. Lafudhi unaisikia kabisa si ya kwetu. Tena kwetu mwanamke huolewa, haoi, lakini yeye kaiacha "ningekuoa" ilivyo, kasimama pale pale aliposimama yule kijana, na sijawahi kuona mtu akicheka. Boney M walipouingiza disko mwaka 1981 mimi ndo sikuwaelewa, lakini hayo ni yangu.

Au chukueni Muhogo wa Jang'ombe, ule wimbo wa taarabu wa Zanzibar wenye fumbo. Huo ni wa Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Bi Kidude akaupokea na sauti yake ile ya kukwaruza, wala hakujisumbua kuwa Siti. Ukimsikiliza hujui anaonya au anakucheka, na fumbo limekaa mahali pake. Mtu kama huyo hata akiukata beti nusu namsamehe, kwa sababu anajua anachokiimba.

Badili mwendo, badili ala, weka tarumbeta ukitaka, sina neno. Lakini kabla hujashika maiki, kaa chini umsikilize huyo mwenye wimbo analia nini. Vijana wetu wanakariri maneno ndani ya gari wakielekea ukumbini!

Mama aliporudi kukaa akaninong'oneza, "Mwanangu, huu ndio ule wa baba yako?" Nikamwambia hapana mama, ule bado, watapiga.

Hawakupiga. Leo asubuhi simu yao hiyo, wanataka nusu iliyobaki. Nimewajibu ningewalipa.