Ulinganisho: ni kivinjari kipi kinachokubali akili unde izimwe kabisa?

Mkutubi_Moro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia maktaba ndogo yenye kompyuta 14 zinazotumiwa na wanafunzi, wastaafu na watu wanaokuja kujaza fomu au kuandika barua za kuomba kazi. Nyingi ni za zamani, zina kumbukumbu ya GB 4 tu, na mtu mmoja akiinuka mwingine anaketi papo hapo. Katika miaka hii miwili vivinjari vimeota vitufe ambavyo sikuviomba: kimoja kinataka kufupisha ukurasa, kingine kinataka kupanga vichupo, cha tatu kinafungua dirisha la mazungumzo pembeni. Sina ugomvi na anayevitaka nyumbani kwake. Ninachotafuta ni kivinjari ambacho nikizima akili unde leo nitaikuta imezimwa baada ya sasisho la mwezi ujao, bila kuzunguka tena kompyuta moja baada ya nyingine.

Nimepitia vinne. Firefox, kuanzia toleo la 148 lililotoka tarehe 24 Februari 2026, imeweka ndani ya mipangilio sehemu maalumu ya akili unde. Ipo swichi moja inayozuia vipengele vyote, vilivyopo na vitakavyokuja, na chini yake kila kipengele kina uamuzi wake: tafsiri ya kurasa, maelezo ya picha katika PDF, mapendekezo ya makundi ya vichupo, muhtasari wa kiungo kabla ya kukifungua, na utepe wa pembeni unaoita roboti za mazungumzo, yaani ChatGPT, Claude, Copilot, Gemini au Le Chat ya Mistral. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, imesema kwamba ukishachagua, chaguo lako litabaki hata baada ya masasisho. Swichi hiyo haikuja yenyewe. Mwezi Desemba 2025 mkurugenzi mtendaji mpya, Anthony Enzor-DeMeo, alitangaza kwamba Firefox itakua kuwa kivinjari cha akili unde, na watumiaji wake wa siku nyingi wakapaza sauti mpaka kampuni ikaahidi njia ya kuzima kila kitu.

Vivaldi imechukua njia nyingine. Mwezi Agosti 2025 Jon von Tetzchner, mkuu wake, aliandika waziwazi kwamba hawataweka roboti ya mazungumzo wala kifupisha kurasa ndani ya kivinjari chao. Kwa hiyo hakuna cha kuzima. Brave ina msaidizi aitwaye Leo ambaye anaweza kuondolewa katika mipangilio. Chrome ndiyo iliyonisumbua akili zaidi, kwa kuwa kila kipengele kina mahali pake na sikuona swichi moja ya yote. Edge, ambayo ni ya tano, nimeitazama haraka tu. Alama ya Copilot, msaidizi wa Microsoft, inaweza kuondolewa, ila sikuridhika kwamba kuondoa alama kunatosha.

Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa waliowahi kusimamia kompyuta za watu wengi.

Fundi_wa_Seva

Ndugu Mkutubi, wasiwasi wako kuhusu alama ni wa kweli, na ndipo ulinganisho huu ulipaswa kuanzia. Kuna kuficha kitufe, kuna kuzima kipengele, na kuna kumzuia mtumiaji anayefuata asikiwashe tena. Watu huchanganya mambo haya matatu. Mipangilio ya kawaida hukupa la kwanza na mara nyingine la pili. La tatu, ambalo kwa maktaba ndilo la lazima, linapatikana kwa sera za msimamizi peke yake, yaani maagizo ambayo mwenye kompyuta huyaweka nje ya mipangilio ya kawaida na mtumiaji hawezi kuyabadilisha.

Kwa Chrome, sera unayoitafuta inaitwa GenAiDefaultSettings. Ukiipa thamani ya 2, vipengele vya akili unde inavyovisimamia vinazimwa kwa mkupuo, isipokuwa kile ulichokiwekea sera yake pekee. Katika Windows inaandikwa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Katika Linux unaweka faili la JSON ndani ya /etc/opt/chrome/policies/managed. Baada ya hapo kivinjari kitaandika kwamba kinasimamiwa na shirika lako. Usishtuke, hiyo ndiyo dalili kwamba sera imeshika. Kwa hiyo swichi moja ya Chrome ipo, ila imewekwa kwenye chumba cha fundi, na mwenye kompyuta moja nyumbani hawezi kujua kwamba ipo. Hilo mimi nalihesabu kuwa kasoro kubwa.

Kuhusu uzito wa mashine, Chrome inaweza kupakua Gemini Nano, modeli ndogo ya akili unde ya Google, na kuihifadhi kwenye diski. Masharti ya Google yanataka nafasi tupu isiyopungua GB 22, na nafasi hiyo ikishuka chini ya GB 10 modeli hufutwa. Fungua ukurasa wa chrome://on-device-internals uone kama umeshapokea kitu. Kwa anayetumia bando la simu kuunganisha kompyuta, upakuaji wa namna hiyo si jambo la kupuuza: Google inataka muunganisho usiopimwa, yaani usiolipiwa kwa kiasi cha data, lakini kompyuta haitambui kila mara kwamba mtandao inaoupata kutoka kwenye simu unalipiwa kwa megabaiti. Mwambie Windows mwenyewe, katika mipangilio ya Wi-Fi, kwamba muunganisho huo unapimwa.

Kwa Firefox, tengeneza faili la policies.json ndani ya folda iitwayo distribution mahali programu iliposakinishwa. Sera ya GenerativeAI ina sehemu ya Enabled na sehemu ya Locked; ya kwanza ikiwekwa false inazima, ya pili inafunga mlango ili mtumiaji asibadilishe. Brave nayo ina BraveAIChatEnabled, ambayo ukiiweka kuwa false, Leo haonekani tena.

Bi_Hesabu

Naomba niongeze kisa changu, maana mjadala huu unanigusa. Mimi ni mhasibu. Mwaka jana nilifungua kwenye kivinjari PDF ya mishahara ya wafanyakazi 31 wa ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi, yenye majina, namba za akaunti za benki na makato ya mikopo. Juu kulia palikuwa na kitufe kipya, mahali palepale ambapo zamani palikuwa na kitufe cha kuchapisha. Nilibofya kwa mazoea. Karatasi haikutoka, pembeni lilifunguka dirisha likaanza kuandika muhtasari: jumla ya mishahara, anayelipwa zaidi, anayedaiwa zaidi. Ili muhtasari huo uandikwe, waraka ulikuwa umeshakwenda kwenye seva ya watu wengine. Nilikaa na mkono juu ya kipanya nisijue la kufanya. Nilimwambia mkuu wangu siku ileile, na kivinjari hicho nikakiondoa.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika nazo. Sasa mimi nitamweleza nini mfanyakazi ambaye deni lake lilisomwa na mashine iliyo bara jingine kwa sababu kitufe kilihamishwa? Ndugu Mkutubi, wanaokuja kwako kujaza fomu wanaandika namba zao za NIDA. Zima.

Nasoma_kwa_Sikio

Pole sana, Bi Hesabu. Hata hivyo naomba tusikimbilie kuzima kila kitu bila kutazama tunazima nini.

Macho yangu hayaoni vizuri, natumia NVDA kusomewa skrini. Katika orodha ya Mkutubi kuna maelezo ya picha katika PDF. Kipengele hicho hufanya kazi pale mtu anapoongeza picha kwenye PDF ndani ya Firefox: modeli ndogo, iliyomo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, inapendekeza maneno ya kuieleza picha ile. Anayefaidika si yeye, ni mimi nitakayeupokea waraka kesho. Akikizima kwa kuwa kimeitwa akili unde, mimi nitasikia neno «picha» na kimya baada yake. Tafsiri ya Firefox nayo inafanyika ndani ya mashine, haitoki nje. Ya Chrome inapelekwa kwa Google. Vivaldi, ambayo Mkutubi ameisifu kuwa haina cha kuzima, ina tafsiri inayotumia teknolojia ya kampuni ya Lingvanex kwenye seva za Vivaldi zilizoko Iceland. Ni utaratibu wa heshima, lakini maandishi yanatoka kwenye kompyuta yako.

Kwa hiyo mimi nauliza swali tofauti na la swichi: je, maandishi yangu yanabaki hapa au yanasafiri? Kwa kipimo hicho Firefox inashinda kwa sababu inaniruhusu kuzuia vyote halafu nirudishe viwili ninavyovihitaji.

Fundi_wa_Seva

Hoja hii imenirekebisha, nami nakubali. Tafsiri ya Firefox ina sera yake yenyewe, TranslateEnabled, kwa hiyo GenerativeAI inaweza kufungwa nayo ikaachwa.

Pwani_Huru

Jambo moja mmelisahau. Muhtasari unaotokea juu ya majibu ya utafutaji si kipengele cha kivinjari. Unatoka kwenye mtambo wa utafutaji, kwa hiyo hata Vivaldi itakuonyesha ukitafuta kupitia Google. Dawa yake ni kubadilisha anwani ya utafutaji: kwa Google ongeza &udm=14 mwishoni ili upate viungo vitupu, au tumia noai.duckduckgo.com, ambayo DuckDuckGo imeitenga kwa wasiotaka akili unde.

Na kwa vivinjari vinavyotenda kazi kwa niaba yako, kama Comet ya Perplexity iliyotoka Julai 2025 na Atlas ya OpenAI iliyotoka Oktoba mwaka huohuo, nasihi visiguse kompyuta za maktaba hata kidogo. Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Brave walionyesha jinsi maneno yaliyofichwa ndani ya maoni ya Reddit yalivyomwamuru msaidizi wa Comet achukue anwani ya barua pepe ya mtumiaji pamoja na namba ya siri ya kutumika mara moja, azipeleke kwa mshambuliaji. Mtumiaji alikuwa ameomba muhtasari wa ukurasa, basi. Brave ni washindani wa Perplexity, hilo tulizingatie, lakini walieleza hatua zote na yeyote anaweza kuzifuata. Modeli haitofautishi agizo la mwenye kompyuta na maneno aliyoyakuta ukurasani.

Mkutubi_Moro

Nawashukuru nyote. Nitatumia Firefox kwenye kompyuta 12, nikiwa nimefunga GenerativeAI kwa policies.json na kuacha tafsiri pamoja na maelezo ya picha, na utafutaji wa awali utakuwa noai.duckduckgo.com. Mbili zilizobaki nitaziwekea Vivaldi nione watumiaji wanaipokeaje. Chrome nitaiondoa, sera yake naamini inafanya kazi, ila sitaki kivinjari ambacho haki ya kukataa imewekwa kwenye rejista. Jumamosi naanza na kompyuta tatu.

Fundi_wa_Seva

Kabla ya sasisho la kwanza fungua about:policies kwenye hizo tatu, nakili kinachoonekana, kisha linganisha siku inayofuata sasisho. Kama sera ya maelezo ya picha imejifunga pamoja na zile nyingine, tuletee hapa maandishi ya faili lako, tutalitazama pamoja.