"HII NAYO UNALETA?" Hivi yule fundi wa bunduki anajiona nani?

Wakuu, habari zenu. Zangu mbaya.

Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnivumilie. Nimetoka kwa yule fundi sasa hivi. Simtaji, mnamjua. Yule wa miwani inayoishi kwenye paji la uso, haijawahi kushuka machoni tangu inunuliwe. Yule ukimuuliza "itakuwa tayari lini" anaangalia dari, na dari haijawahi kumjibu.

Nina karaifeli kangu ka .22 (risasi ndogo ndogo), semi, yaani ukifyatua kanajipakia kenyewe risasi inayofuata. Ka bei ya chini, sijawahi kuficha. Kitako cha plastiki, mwili wa aloi, mtutu umesukumizwa tu ndani ya mwili na kushikiliwa na pini badala ya kukazwa kwa nyuzi. Lakini kalikuwa kanapiga! Mita 50 kanaweka matundu jirani kwa jirani. Halafu kakaanza ugonjwa wa kutotema ganda. Unafyatua, boliti (kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele) inarudi, ganda limebaki chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, risasi mpya inakuja kuligonga mgongoni, kila kitu kinasimama. Mwenye .22 anaijua hiyo. Mimi nilihisi ekstrakta, kile kindoano kinachoshika ukingo wa ganda. Kipuri ambacho kikidondoka sakafuni unakiaga kabisa.

Nikampelekea. Akakaa nayo mpaka nikasahau kama nina bunduki. Akanirudishia, "tayari". Nikaenda kupiga, risasi ya kwanza tu, ganda limekwama. Leo nikairudisha. Ukumbi umejaa, watu na mabunduki yao ya kitako cha mbao iliyong'arishwa mpaka unajiona sura. Nafungua begi. Jamaa akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Kisha kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani wa majirani:

"Hii nayo unaleta?"

Wakuu. BUNDUKI ALIYOKAA NAYO YEYE. Hakumbuki hata kuiona! Amezeeka nayo pale dukani, leo ananiuliza hii nayo naleta!

Watu wakacheka. Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa, akaletewa maji.

Bado sijafika penyewe. Simu yake ikaita. Akapokea. Mkono mmoja simu, mkono mwingine bunduki yangu. Akaangalia kwamba haina risasi, sawa, hilo nampa. Halafu akaanza. Anavuta boliti, anafyatua tupu. Ka! Anavuta. Ka! Anaongea mambo ya shemeji yake na harusi, huku ka! ka! ka! Harusi imepangwa, kamati imeundwa, imevunjika, imeundwa nyingine, ka! bado anafyatua.

Kwa wasioelewa kwa nini nilikuwa nakufa: risasi ya .22 haina fataki katikati. Dawa ya kuwashia imejazwa ndani ya ule ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya kufyatulia inagonga pembeni, ukingoni. Ganda lisipokuwepo, kwenye bunduki nyingi za daraja hili pini inakwenda kugonga chuma chenyewe cha mdomo wa chemba. Kinaingia kovu. Na kovu lile ndilo linalong'ang'ania ganda. Kwa hiyo mimi nimepeleka bunduki isiyotema ganda kwa mtu anayetengeneza kwa mkono wake sababu ya ganda kutotemwa, tena kwa bidii, huku anapanga harusi.

Nikamwambia, "Mzee, naomba usifyatue tupu, inaumia." Akaziba simu kwa kiganja, akasema, "Hii? Hii ina roho ya kuumia?" Wakacheka tena. Yule mzee akaletewa maji ya pili.

Nimeondoka na bunduki yangu. Skrubu moja kichwa kimeliwa, nyingine haipo. HII NAYO UNALETA. Nasema hivi, nikioga nasikia, nikila nasikia, HII NAYO UNALETA.

Semeni chochote, wakuu.

*

Mchokozi: Mleta uzi, hii nayo unaleta?

KimyaKimya: 😂😂😂 Mchokozi umemaliza uzi. Mods fungeni.

Mchokozi: Mimi namuulizia huyo mzee aliyekohoa. Anaendeleaje?

DadaLenga: Pole sana kaka. Huyo namjua, hata miwani umeipatia. Yangu alinirudishia na springi imebaki mezani, nikamwonyesha, akasema "hiyo ilikuwa ya ziada". Bunduki gani inatoka kiwandani na springi ya ziada jamani?

MtutuMfupi (mleta uzi): Dada asante, angalau wewe una utu. Lakini wewe hakukuuliza hii nayo unaleta.

DadaLenga: Aliniuliza "mume wako yuko wapi". Tusishindane.

Babu_Shabaha: Vijana, punguzeni kelele. Mleta uzi, chukua tochi uangalie mdomo wa chemba, sehemu pini inapotua. Ukiona kidonda kimesukuma chuma kuingia ndani ya tundu, hiyo ndiyo kazi ya kufyatua tupu. Kuna kifaa maalumu cha kukisukuma chuma kirudi mahali pake, fundi anayejua anacho. Usiruhusu mtu aingie na tupa. Ila kabla ya yote safisha chemba. Vichwa vya risasi hizi ni vya ledi, ile metali laini na nzito, iliyopakwa nta, zinaacha uchafu mgumu pale mbele, na ganda linajibana hapohapo. Nimeona watu wakibadilisha ekstrakta bure kwa sababu ya uchafu.

MtutuMfupi: Babu nashukuru, lakini amesema AMESAFISHA. Yaani ndiyo kazi pekee aliyosema ameifanya! Nimepitisha kitambaa kimetoka cheusi tii! Halafu ananiuliza hii nayo naleta!

Mjuaji_Mkuu: Si kila .22 inaumia kwa kufyatua tupu, acheni kukariri. 10/22, raifeli ya .22 ya kampuni ya Ruger, ipo tangu 1964 na kitabu chake chenyewe kinaruhusu, pini inazuiwa kabla haijafika kwenye chuma. Ukinunua vitu vya ajabuajabu ndiyo unakaa unalia na kovu.

Mchokozi: Tumfikishie fundi, amepata wakili.

MtutuMfupi: Mjuaji, nimesema nina 10/22? Soma uzi. Nimesema nina ka bei ya chini. Wewe na fundi mmezaliwa tumbo moja.

Mjuaji_Mkuu: Nilichosema ni kwamba bunduki inayouzwa sana, vipuri vyake vimejaa. Ya kwako vipuri lazima uandikie kiwanda barua ya mapenzi.

Nta_na_Moshi: Usiniguse hapo kwenye kiwanda!! Afadhali fundi anakutukana ana kwa ana. Mimi plastiki ya triga ilipasuka yenyewe, imelala kabatini. Nikaandika kiwandani, wakajibu "asante kwa kutuchagua". Nikaandika tena, wakaniomba picha. Nikatuma. Wakaniomba picha ya namba ya bunduki. Nikatuma. Wakaomba picha ya risiti. Nikatuma. Wakajibu "asante kwa kutuchagua". Naamini upande wa pili hakuna mtu, kuna feni tu inazunguka.

KimyaKimya: Mimi waliniambia niitume bunduki nzima, na gharama ya usafiri juu yangu. Kwa magazini, kile kisanduku cha risasi! Magazini iliyochoka springi! Nitume bunduki nzima kwa ajili ya springi!

DadaLenga: Magazini za bei rahisi ni laana. Ile midomo ya juu ikifunguka kidogo tu, risasi inakuja imeangalia mbinguni.

MtutuMfupi: Jamani turudi kwa fundi. Alifyatua tupu HUKU ANAONGEA NA SIMU.

Nta_na_Moshi: Tumesikia mkuu. Harusi ni lini?

Mchokozi: Michango itumwe kwa nani?

Babu_Shabaha: Mfyatuo tupu ukilazimika, weka ganda lililokwisha kutumika, ulizungushe kila mara pini ipate sehemu mpya. Wengine wanaweka vile viplastiki vya kuingizia skrubu ukutani. Vinafaa, ila hakikisha ni plastiki unayoitia, siyo risasi. Mwanga wa kutosha, na macho mawili.

Mjuaji_Mkuu: Babu hapo kwenye kusafisha sikubaliani. Mtutu wa .22 hausafishwi hovyo. Risasi ni laini, mwendo mdogo, haiachi shaba. Watu wengi wanaua mitutu kwa fimbo ya chuma kuliko kwa kupiga.

Babu_Shabaha: Nimesema chemba. Sijasema mtutu.

Mjuaji_Mkuu: Chemba iko wapi kama siyo kwenye mtutu?

Babu_Shabaha: Nilianza kulenga kabla hujajua kufunga viatu.

KimyaKimya: Nakaa hapa na popkoni.

DadaLenga: Mjuaji ana hoja kidogo lakini. Mimi nilipitisha fimbo kutokea mdomoni mwa mtutu, ikaukwangua ukingo wa mbele, shabaha ikahama kabisa. Sasa hivi natumia kamba ya kuvuta, naivuta kutokea chemba.

Mjuaji_Mkuu: Ahsante dada. Mtu anayesoma.

Babu_Shabaha: Dada, na mtutu wa semi nyingi hauingiliki kwa nyuma bila kuvua boliti, ndiyo maana watu wanapitia mbele. Weka na hilo, usimpe sifa za bure.

Nta_na_Moshi: Mnaongelea usafi, mimi risasi zenyewe zinanishinda. Bunduki yangu inakataa kila boksi isipokuwa moja tu, na hilo moja ndilo halipatikani. Zile za mwendo mdogo, chini ya kasi ya sauti, haina nguvu ya kurudisha boliti. Zile za kasi inarudisha lakini zinatawanyika. Nimelea mtoto asiyechagua chakula, nimepata bunduki inayochagua.

Mjuaji_Mkuu: Hilo ni kawaida, boliti ya semi inasukumwa na ganda lenyewe kurudi nyuma. Risasi dhaifu, boliti inaishia njiani. Jaribu za aina nyingi, usinunue kasha zima kabla ya kujaribu.

MtutuMfupi: Kwa hiyo hakuna anayeniunga mkono? HII NAYO UNALETA, mbele ya watu?

KimyaKimya: Tunakuunga mkono mkuu. Nta_na_Moshi, hilo boksi moja inalolipenda ni la aina gani? Yangu nayo ina tabia hizo.

Nta_na_Moshi: Ya ledi tupu, kichwa cha gramu 2.6, mwendo wa kawaida. Njoo pembeni nikuoneshe picha ya boksi.

DadaLenga: Nami nitumie. Na kama kuna mwenye springi ya magazini ya risasi kumi aniambie, ile "ya ziada" ilipotea.