Naomba ushauri: ratiba ya JzU (jumuiya ya ujifunzaji, walimu kujifunza pamoja) ya hisabati shule ya msingi

Wakuu, tuko walimu 4 wa hisabati, darasa la III hadi la VI. Kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ni Ijumaa, dakika 60, ila matangazo ya ofisi hula zaidi ya nusu.

Tunataka mzunguko wa wiki 3: kuandaa pamoja somo moja la sehemu (wanafunzi wengi husema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa 4 inazidi 3), mmoja wetu alifundishe darasani, wenzake wakitazama madaftari ya wanafunzi, si mwalimu, kisha kulirekebisha.

Wiki ya pili ndiyo hukwama: vipindi vinagongana, na darasa la watoto 90 haliachiki hivihivi. Mnapangaje? Mratibu awe mwalimu wa taaluma? Naona watu watahisi wanakaguliwa.